Ubao wa Kazi Karakanani: Mwongozo Kamili wa Kuiwezesha Timu Kumaliza Oda kwa Wakati

Karakana nyingi za samani zimewahi kutundika ukutani ubao wa kazi, ambapo kila oda ina kadi yake inayosogezwa safu hadi safu mpaka imalizike. Wiki ya kwanza kila mtu anausoma. Wiki ya tatu kadi hazisogei tena. Wiki ya tano ubao umeegemezwa nyuma ya rundo la mbao, na wateja bado wanapiga simu kuuliza makabati yao.

Kosa si la ubao, wala mafundi si wavivu. Karakana imeanza kazi nyingi kuliko inazoweza kumaliza, na ubao umewekwa bila kuligusa jambo hilo. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye hatua ya nne, ile ambayo wengi huiruka.

Utaratibu wenyewe hutumika viwandani duniani kote, na uliasisiwa katika viwanda vya Toyota. Hapa umepangwa kwa karakana ya watu 5 hadi 12. Mfano wetu ni karakana ya watu 8: mafundi 2 wa kukata na kuranda, 3 wa kuunga, 2 wa msasa na rangi, na msimamizi mmoja anayenunua vifaa na kupokea wateja.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kutangaza chochote kwa timu. Ubao unaojengwa nusu nusu huonekana kama mchezo tangu siku ya kwanza.

- Plaiwudi moja nzima ya futi 4 kwa 8, unene milimita 9, iliyopakwa rangi nyeupe. Italazwa kwa upana.
- Misumari ya inchi 1, kama 100 hivi, ya kuning'inizia kadi.
- Karatasi za manila za ukubwa wa A4, kila moja ikatwe vipande vinne vilivyo sawa.
- Vibanio vya nguo, viwili kwa kila fundi, vimeandikwa jina lake. Viwili tu, na sababu utaiona.
- Utepe mwekundu, mita 2, ukatwe vipande vya urefu wa kiganja.
- Maka peni nyeusi 2, kaunta buku moja, na bahasha za kaki.
- Saa ya ukutani.

Ubao uwekwe mahali ambapo kila fundi hupita akienda kwenye mashine, katikati ya ubao ikiwa usawa wa macho. Ukiwekwa ofisini kwa msimamizi, tayari umeshakufa.

## Hatua ya 1: Hesabu kazi zote zilizo mkononi

Chukua kaunta buku, tembea karakana yote kwa miguu yako. Kila samani iliyoguswa na msumeno ipewe nambari na iandikwe. Usikae kitini ukawauliza mafundi wana kazi ngapi. Kila mmoja atakutajia zile anazozikumbuka, na zilizosahaulika ndizo zinazokuumiza.

Andika pia kazi ambazo hupenda kujificha: kiti kilicholetwa kuunganishwa mguu, meza ya shemeji wa bosi, mlango uliorudishwa kwa sababu umepinda, fremu ya kitanda iliyosimama tangu mwaka jana kwa sababu mteja amesafiri. Zote hizo zinakula nafasi, na kila moja kuna siku inamtoa fundi kwenye kazi aliyokuwa ameishika.

Sasa fungua daftari la wateja, hesabu samani zilizokabidhiwa katika wiki 4 zilizopita, gawanya kwa 4. Tuseme umepata 6 kwa wiki, na mkononi zipo 24. Gawanya 24 kwa 6: wastani wa muda wa kazi kukaa karakanani ni wiki 4.

Hesabu hii haibishaniwi. Mtafiti wa Marekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, nayo hufanya kazi benki, hospitali na karakanani sawasawa. Ukimwahidi mteja wiki 2 huku sakafu ina wiki 4 za kazi, umeshamdanganya hata kama hukukusudia.

Dalili ya kufaulu: unayo orodha moja yenye nambari, na unaujua muda wako halisi wa kumaliza kazi. Uandike juu ya ubao kwa herufi kubwa.

## Hatua ya 2: Chora ubao ufuate njia halisi ya kazi

Gawa plaiwudi kwa mistari ya wima kuwa safu 6, kila moja upana wa sentimita 40. Kutoka kushoto kwenda kulia:

Foleni, Kukata na Kuranda, Kuunga, Msasa na Rangi, Kukagua na Kukabidhi, Imekwenda.

Safu moja inatosha kadi tatu pembeni kwa pembeni. Gonga misumari kwa mistari ya mlalo inayoachana sentimita 18, uiache ichomoze.

Usiongeze safu ya "Zilizokwama". Wengi huiweka kwa nia njema, lakini inageuka kaburi: kazi ngumu zinazikwa humo, safu nyingine zinaonekana safi, na hakuna anayeumia tena. Kazi iliyokwama ibaki palepale ilipokwamia, izibe nafasi, iwasumbue watu mpaka itatuliwe.

## Hatua ya 3: Andika kadi moja kwa kila kazi

Kila kadi ibebe nambari ya kazi, jina la kwanza la mteja, aina ya samani na vipimo, tarehe iliyoahidiwa, na tarehe iliyoingia Kukata na Kuranda. Basi. Bei usiiandike, na nambari ya simu ya mteja ibaki kwenye kaunta buku. Ubao unasomwa na kila anayeingia, wakiwemo wapita njia.

Chini ya kadi acha nafasi ya nukta. Kila asubuhi kadi ikikutwa bado haijahama safu, itiwe nukta moja. Kadi yenye nukta saba inapiga kelele yenyewe. Huhitaji kumnyooshea mtu kidole.

Nambari ya kadi iandikwe pia kwenye samani, kwa chaki au kwa kipande cha karatasi kilichobanwa. Kabati tatu zinazofanana zikikosa nambari, siku ya tatu mafundi watabishana ni milango ipi ya kabati lipi.

Kibanio cha jina kinabanwa kwenye kadi ambayo fundi anaifanya sasa hivi. Kwa kuwa ana viwili tu, hawezi kushika kazi ya tatu bila kwanza kuachia moja. Gundi ya kazi ya kwanza ikikauka, anafanya ya pili. Zaidi ya hapo ni kurukaruka tu.

## Hatua ya 4: Weka kikomo cha kila safu

Usipoifanya hatua hii, umetundika pambo.

Juu ya kila safu andika idadi ya juu ya kadi zinazoruhusiwa kukaa humo. Kanuni ya kuanzia ni idadi ya mafundi wa safu hiyo, ongeza moja. Kwa upande wa rangi ongeza mbili, kwa sababu samani iliyopakwa inakaa ikikauka bila mkono wa mtu. Karakana yetu ya mfano itaandika Kukata 3, Kuunga 4, Rangi 4, Kukabidhi 2. Jumla 13.

Rudi kwenye hesabu. Kazi 13 kwa kasi ileile ya 6 kwa wiki ni wiki 2 na siku moja hivi, badala ya 4. Hakuna aliyeongezewa saa, wala mashine mpya haikununuliwa.

### Kwa nini kasi haishuki

Swali la kwanza la kila mwenye karakana ni hili: nikiwazuia wakata mbao, si nitapoteza kazi?

Tazama pale ambapo samani zinarundikana. Ikiwa mafundi wa rangi wanamaliza 6 kwa wiki, wakata mbao wakikata 9 kila wiki, bado zitatoka 6. Zile 3 za ziada zinageuka mapande ya mbao yaliyoegemezwa ukutani: yanapigwa mikwaruzo, yanapinda, moja linapotea, na la jirani linakatwa kuziba pengo. Pesa yako iko humo, imelala.

Kinyume chake, fundi aliyeshika kazi mbili badala ya sita hatafuti skrubu zake, hasahau vipimo, na hahamishi makabati kila asubuhi ili apate pa kusimama.

### Safu ikijaa

Kuunga kukiwa na kadi 4, mkata mbao haruhusiwi kusukuma ya 5. Hata akiwa amemaliza. Aiache kwenye safu yake, na safu yake ikijaa, asianze nyingine. Anaenda kusaidia mbele: apige msasa kwa mkono, afunge bawaba, asafishe chumba cha rangi, anoe patasi na visu vya randa. Kunyunyiza rangi kwa bomba aachiwe mwenye ujuzi.

Hapa ndipo timu inapozaliwa, na ndipo upinzani unapoanzia. Fundi aliyezoea kuhesabiwa kwa alichokata ataona ameshushwa cheo kwa kupewa msasa. Mweleze mapema, faraghani, kabla hajaambiwa mbele ya vijana. Na kama malipo ni ya kipande, soma kwanza sehemu ya malipo hapa chini. Maneno matupu hayatamtosha.

### Kushuka kutoka 24 hadi 13

Usifute oda ya mtu. Funga lango: kwa wiki 2 hakuna kadi inayotoka Foleni kwenda Kukata. Kazi 6 zinatoka kila wiki, hivyo siku ya 12 ya kazi utakuwa na 12 na unafungua tena. Watu wa kukata watumie wiki hizo kumalizia viporo.

Wateja wapya wapokelewe kama kawaida, ila waambiwe tarehe ya kweli. Msimamizi aseme hivi: "Mama, nikianza kazi yako leo itakaa sakafuni. Naianza tarehe 14, unaichukua tarehe 30." Wateja wengi wanavumilia tarehe ya mbali. Kinachowachosha ni tarehe inayohama.

### Advansi ya huyu kununua mbao za yule

Chanzo kikubwa cha kuanza kazi nyingi kupita kiasi si mafundi, ni pesa. Advansi ya mteja wa kwanza imeliwa na kodi na umeme. Zikihitajika mbao zake, inasubiriwa advansi ya mteja wa pili. Ili wa pili atulie, kazi yake "inaanzwa" kwa kukata vipande viwili vitatu. Kisha anahitajika wa tatu. Kikomo chochote utakachoandika kitavunjwa na mzunguko huu.

Dawa yake ni bahasha. Kila advansi iingie kwenye bahasha yenye nambari ya kadi, na itoke kununua vifaa vya kadi hiyo tu. Kama pesa inapokelewa kwa simu, tumia laini tofauti na ile ya matumizi ya kila siku, na uandike salio la kila kadi kwenye kaunta buku. Wiki za mwanzo zitabana. Utatamani kukopa bahasha ya jirani. Ukikopa mara moja bila kuandika, rudi mwanzo wa hatua hii.

Dalili ya kufaulu: angalau mara moja kwa wiki fundi mmoja anaonekana akifanya kazi ya safu isiyo yake bila kutumwa.

## Hatua ya 5: Lango la kuingilia

Kadi isitoke Foleni mpaka vitu vitano vikamilike: mchoro wenye vipimo uliosainiwa na mteja, advansi inayotosha vifaa vyote, mbao zilizokauka zikiwa tayari karakanani, vifaa vidogo vyote (bawaba, vitasa, reli za droo, vishikio), na rangi iliyochaguliwa kwa kuonyeshwa kipande halisi.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyodharauliwa zaidi. Kabati la milango minne linaweza kusimama siku tano likisubiri bawaba ambazo zingetoshea mfukoni, huku likiziba nafasi ya kazi nyingine. Msimamizi akinunua bawaba na mbao safari moja, anaokoa nauli na siku.

Kuhusu rangi, "kahawia" ya mteja na "kahawia" ya fundi ni vitu viwili. Paka kipande cha mbao ileile, mteja akisaini nyuma, kibanwe na mchoro.

## Hatua ya 6: Kikao cha dakika 10 mbele ya ubao

Saa 2:00 kamili asubuhi, wote wamesimama, mashine zimezimwa. Kifanyike ndani ya saa za kazi. Ukiwaita saa 1:45 bila malipo, umeanza siku kwa deni.

Anzeni upande wa kulia, kwa kazi zilizo karibu kukabidhiwa, mrudi kushoto. Watu wengi huanza na Foleni, na dakika 10 zinaisha kwa kazi mpya ilhali kabati linalobakiwa na kitasa tu limesahaulika. Kumaliza kuje kabla ya kuanza.

Kikao kinaihoji kadi. Hakimhoji mtu. Mfano:

"Kumi na nne, kabati la Mama Rehema. Nukta nne. Limebakiza nini?"

"Koti la mwisho la vanishi, mzee. La jana halijakauka, mvua."

"Litahitaji mikono?"

"Kesho asubuhi, watu wawili wa kulibeba."

"Haya. Kumi na saba."

Maswali ni hayo tu kwa kila kadi: imebakiza nini, imezuiwa na nini, inahitaji mikono ya nani. Tatizo likihitaji maelezo marefu, wahusika wawili wabaki baada ya kikao. Wengine sita wasisimamishwe kusikiliza mjadala wa reli za droo.

### Kijana asiyethubutu kusema

Karakanani kwetu msaidizi wa miaka 19 hamwambii fundi aliyemfundisha kazi, mbele ya watu, kwamba mguu wa meza umekatwa mfupi. Ni adabu, na usitegemee kuifuta kwa kuwaambia watu wawe huru. Atanyamaza, na kosa litaonekana kwenye rangi.

Utepe mwekundu upo kwa ajili yake. Kanuni iwe kwamba yeyote anaruhusiwa kufunga utepe kwenye kadi yoyote, wakati wowote, bila kusema neno na bila kuulizwa kwa nini umeufunga wewe. Swali pekee linaloruhusiwa ni "kimekwama nini?" Bosi akigomba mara moja tu kwa sababu ya utepe, hatauona mwingine kwa miezi, na ataamini mambo ni mazuri.

### Bosi asiongoze

Mafundi waongoze kwa zamu, kila mmoja wiki moja. Bosi akisimama mbele, kikao kinageuka taarifa kwake, na watu wanaanza kujitetea. Asimame nyuma, aondoke na jambo moja la kutatua ambalo ni yeye tu anaweza: pesa, mteja, au mashine.

Waliochelewa wasisubiriwe wala wasitozwe faini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa matakwa yake, na hata pasipo sheria, faini hufundisha watu kuja na kununa.

## Hatua ya 7: Kubalianeni maana ya "imekwisha"

Ugomvi mwingi wa mafundi unatokana na neno hili. Mkata mbao anasema imekwisha, muungaji anakuta kipande kimoja hakipo. Andikeni masharti machache kwa kila safu na myabandike juu yake. Mkaguzi awe yule anayepokea, si anayetoa.

Kukata na Kuranda: vipande vyote vimehesabiwa kwa mchoro, vipimo havijapishana zaidi ya milimita 1, vimefungwa kamba pamoja na nambari ya kadi.

Kuunga: pima pembe hadi pembe kwa mshazari, njia zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, kabati halijanyooka na milango haitafunga vizuri. Gundi nyeupe ibanwe kwa vibano si chini ya saa moja, kisha samani ipumzike hadi kesho yake kabla ya kuiranda au kuibebesha uzito. Gundi iliyochuruzika ifutwe kwa kitambaa chenye maji ikiwa bado mbichi. Ikikauka inazuia vanishi kuingia, na doa lake halifichiki.

Msasa na Rangi: msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, kwa kufuata nyuzi za mbao. Usiruke kutoka 80 hadi 180, mikwaruzo ya 80 itatokeza chini ya vanishi. Futa vumbi kabla ya kila koti.

Kukagua: fungua na kufunga kila mlango na droo mara tano, pitisha kiganja kingo zote.

Kadi ikirudishwa nyuma, irudi kimwili kwenye safu ya kushoto, hata kama safu hiyo imejaa. Hapo safu itazidi kikomo, na hakuna kipya kinachoanzwa mpaka imepungua. Ndivyo kosa linavyopata uzito wake bila mtu kupayuka.

## Umeme ukikatika

Chora nyota kwenye kadi zenye kazi ya mkono iliyo tayari: msasa, kufunga bawaba, kupaka vanishi kwa brashi, kunoa. Umeme ukikatika, timu inaenda kwenye nyota bila kungoja maelekezo. Ukirudi, mashine ya kwanza kuwashwa ihudumie kadi iliyo kulia zaidi inayoihitaji.

## Malipo: mahali timu inapovunjika kimyakimya

Fundi anayelipwa kwa kipande alichokata hana sababu ya kupiga msasa kazi ya mwenzake. Unamwomba ushirikiano na huku mfuko wake unamwambia vingine.

Usimpunguzie alichozoea ili umrudishie kama zawadi. Ataliona ni wizi, na atakuwa na haki. Ongeza juu yake. Chukua kabati ambalo ufundi wake ni shilingi 120,000, zikigawanywa 30,000 kukata, 50,000 kuunga na 40,000 rangi. Viache hivyo hivyo. Juu yake weka shilingi 12,000 kwenye mfuko wa timu, zinazolipwa tu kabati likikabidhiwa tarehe iliyoahidiwa au kabla, bila kurudishwa kwa kosa. Mfuko ugawanywe sawa kwa wote, msaidizi na msimamizi wakiwemo.

Kazi 6 za namna hiyo kwa wiki ni 72,000, yaani 9,000 kwa kila mmoja wa watu 8. Bosi anazipata wapi? Katika malipo ya mwisho yanayoingia mapema, na katika kazi chache za kurudia. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuanza, na lipa siku ileile kila wiki. Ukichelewesha mara mbili, mpango umekwisha.

Usijaribu kufidia ucheleweshaji kwa kurefusha siku. Ile Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Zaidi ya sheria, fundi aliyechoka mbele ya msumeno wa mashine ni hatari kwa vidole vyake.

## Hatua ya 8: Nusu saa ya Jumamosi

Mwisho wa wiki chukua kadi za safu ya Imekwenda na uandike namba tatu: ngapi zimetoka, wastani wa siku tangu kuingia Kukata hadi kukabidhiwa, na tepe nyekundu zilisababishwa na nini. Usipange majina ya mafundi kwa ushindi. Siku ukifanya hivyo, kila mtu atachagua kazi nyepesi.

Kisha chagueni sababu moja tu iliyojirudia zaidi na mkubaliane badiliko moja la wiki ijayo. Kama ni bawaba, basi wiki ijayo msimamizi aweke akiba ya jozi 20 za saizi inayotumika sana. Mabadiliko matano kwa wiki moja hayafanyiki hata moja.

## Yanayoharibika mara nyingi

Kadi hazisogei mchana. Mafundi wanasubiri kikao ndipo wasogeze. Anayemaliza asogeze kadi kabla ya kunawa mikono.

Kazi za bosi hazina kadi. Rafiki wa bosi ameletewa meza kwa mlango wa nyuma. Hakuna kinachovunja ubao haraka kama hiki, kwa sababu kila mtu anaona kwamba kikomo ni cha wadogo. Bosi achukue kadi na apange foleni.

Kila oda ni ya haraka. Ruhusu kadi moja tu ya haraka kwa wakati mmoja, yenye pembe iliyopakwa nyekundu. Anayetaka ya pili achague ipi isubiri.

Kikundi cha WhatsApp kimechukua nafasi ya ubao. Ujumbe unazama chini ya salamu na picha. Kikundi kitumike kupiga picha ubao jioni kwa ajili ya bosi aliye safarini, basi.

Hakuna utepe mwekundu kwa wiki nzima. Usifurahi. Ama watu wanaogopa, ama kikomo ni kikubwa mno na matatizo yanapata pa kujificha.

## Ratiba ya kutegemea

Wiki ya 1 na 2 zitakuwa na kelele: sakafu inaanza kuonekana, wakata mbao wamenuna, pesa imebana. Usibadilishe vikomo kipindi hiki.

Wiki ya 4, wastani wa siku unapaswa kuwa umeanza kushuka, na simu za wateja za kuuliza zimepungua. Usiposhuka, rudia hesabu ya hatua ya 1 kwa miguu. Karibu kila mara utakuta kazi zisizo na kadi.

Wiki ya 8, tazama safu ambayo haijawahi kujaa na upunguze kikomo chake kwa kadi moja. Subiri wiki mbili. Samani zinazotoka zisipopungua, acha hivyo na uhamie safu nyingine. Zikipungua, rudisha kadi hiyo, na uandike kwenye kaunta buku tarehe uliyojaribu na sababu iliyokufanya uirudishe.